Mlangilangi si mti wa asili wa Komoro

Wapo wanaodhani mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, ni wa Komoro tangu asili. Hapana, haukuota wenyewe kwenye majivu ya Karthala, volkano ya huko. Asili ya mlangilangi ni Asia ya Kusini-Mashariki, kule Ufilipino na Indonesia. Komoro ulipandwa zama za Wafaransa kwa ajili ya manukato. Udongo wa volkano na mvua vikaupenda, hata visiwa vikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani.

Nimeingia shamba moja kisiwani Nzwani, Komoro, alfajiri, wanawake wakichuma kabla jua halijawa kali, maana joto huondoa harufu. Ua bichi ni la kijani na halina thamani. Wanangoja liwe njano, na kwa ndani karibu na kikonyo litoke doa dogo jekundu. Kilo 50 hivi za maua hutoa lita moja tu ya mafuta! Nilivyoliona lile kapu, nikaelewa kwa nini kichupa ni ghali.

Ila usitafute mti mrefu. Shambani hukatwa kilele na matawi kuinamishwa ili mkono ufike. Ukiachwa hupita mita 10. Maua ya mti huohuo ndiyo langilangi la vikuba, yale mashada madogo ya kunukia ya Unguja.