Mtaa wa Fremont, Las Vegas: jibu kwa mwenye usiku mmoja tu

Mleta mada anakwenda Las Vegas kwa maonyesho ya biashara, amepangiwa hoteli kwenye Strip, ile barabara ya kasino kubwa, ana usiku mmoja tu wa kwake, na amesikia kwamba kasino za zamani za mjini, zile za Mtaa wa Fremont, ni za bei nafuu na zimechangamka kuliko za huko atakakolala. Anauliza kama inafaa autumie usiku wake huko, na kama mtu asiye mcheza kamari atapata cha kufanya. Mimi naishi kusini mwa California, mwendo wa saa nne au tano kwa gari kutoka huko, kwa hiyo ndugu na marafiki wanaotoka nyumbani huniomba niwapeleke, na huishia kuniuliza maswali hayohayo. Jibu langu ni kwamba aende, ila asiende kwa ajili ya kile kinachotangazwa zaidi, wala asiamini kwamba kila kilichoandikwa bei ndogo ni nafuu.

Strip na Fremont ni sehemu mbili tofauti hata kiutawala. Sehemu kubwa ya Strip haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Imo katika eneo la Paradise, chini ya serikali ya wilaya ya Clark, kilomita nane hivi kusini mwa Fremont. Jiji lenyewe lilizaliwa Fremont. Tarehe 15 Mei 1905 kampuni ya reli ya William Clark, seneta wa Montana, ilipiga mnada viwanja vya jangwani kandokando ya njia yake ya treni, na mtaa ulioanzia mlangoni pa stesheni ukawa ndio mtaa mkuu. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Hoteli ya Nevada kwenye kona ya kwanza kabisa, jengo ambalo leo linaitwa Golden Gate, na humo ndimo ilimofungwa simu ya kwanza ya mji mwaka 1907, namba yake ikiwa 1. Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa stesheni, imesimama kasino ya Plaza tangu 1971. Ndiyo sababu huwa nawashusha wageni wangu mbele ya Plaza na kutembea nao kuelekea mashariki: mji ulikua kwa kufuata mwelekeo huo, na anayeshushwa katikati ya mtaa huona makelele tu asijue yameanzia wapi.

Kamari ilihalalishwa katika jimbo la Nevada tarehe 19 Machi 1931, gavana Fred Balzar alipotia saini sheria yake, na leseni ya kwanza mjini ilikwenda kwa mwanamke, Mayme Stocker, aliyekuwa na Northern Club hapohapo Fremont. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa bwawa linaloitwa sasa Hoover, kilomita zipatazo hamsini kutoka mjini. Serikali ilijenga mji wa wafanyakazi, Boulder City, na humo ikapiga marufuku kamari, kwa hiyo maelfu ya vijana wenye mshahara mfukoni walikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda siku ya malipo. Bila bwawa lile sidhani kama Fremont ingefika mbali.

Kinachotangazwa zaidi sasa ni paa la taa. Strip ilipozidi kuwavuta wateja, wenye kasino za mjini na jiji walifunga sehemu ya mtaa kwa magari na kujenga kuba la chuma juu yake, likafunguliwa Desemba 1995. Lina urefu wa mita 460 hivi na kimo cha mita 27, na tangu ukarabati wa 2019 lina taa ndogo zaidi ya milioni 49 zinazoonyesha picha na muziki kila saa usiku. Ni jambo la kuona mara moja. Ukisimama, ukatazama juu kwa muda wa onyesho moja, shingo ikaanza kulalamika, umemaliza. Kinachobaki ni majukwaa ya bendi yanayoshindana kwa sauti na watu wanaopita juu ya kichwa chako wakining'inia kwenye kamba, wamerushwa kutoka kwenye mnara uliojengwa kwa umbo la mashine ya kamari ya sloti. Vijana huipenda sana kamba hiyo. Mimi huona fedha yake ingefaa zaidi chakula.

Chini ya paa hilo kuna jambo moja la kuangalia kwa karibu, nalo ni miduara iliyochorwa sakafuni. Wasanii wa mtaani, yaani wapiga ngoma za ndoo, waliojipaka rangi ya fedha, na waliovaa mavazi ya wahusika wa sinema, wanatakiwa na sheria ya jiji kubaki ndani ya miduara hiyo wakati wa pilika za jioni, na nafasi hugawanywa kwa utaratibu ili wasigombane. Mgeni asiyejua hukanyaga mduara, huwekewa mkono begani, picha hupigwa, kisha hudaiwa. Mpwa wangu alidaiwa dola ishirini kwa picha moja na mtu aliyevaa manyoya, na kwa aibu akalipa. Picha na wasanii hao hulipiwa kwa bakshishi, na bakshishi ni hiari, kwa hiyo patana kabla, au wapige picha ukiwa mbali.

Kabla ya kuliacha paa, tafuta sanamu ya taa ya mchunga ng'ombe mwenye sigara mdomoni. Huyo ni Vegas Vic, aliyewekwa mwaka 1951 mbele ya Pioneer Club, kimo chake mita 12. Kasino yenyewe ilifungwa na mahali pake pana duka la fulana na zawadi, na mkono wake uliokuwa ukipunga umesimama tangu miaka ya 1990. Paa lilipojengwa ilibidi ashushwe na ukingo wa kofia yake ukatwe ili atoshe chini yake. Huo ndio ugomvi wangu na paa hili: walitaka kuokoa mtaa wa taa za neoni, wakaufunika kwa runinga.

Kasino za hapa zimekaribiana kiasi kwamba unaweza kuingia moja na kutokea nyingine bila kuchoka, tofauti na Strip ambako jengo linaloonekana kuwa jirani ni mwendo wa robo saa juani. Golden Nugget, iliyofunguliwa 1946, ndiyo nadhifu kuliko zote za zamani, na kwa asiyecheza kuna mambo mawili ya kutazama: bwawa la kuogelea lililojengwa kuzunguka tangi la papa, na pande la dhahabu la kilo 27 hivi lililookotwa Australia mwaka 1980. Binion's, iliyoanza 1951 kwa jina la Horseshoe, ndiko mashindano ya dunia ya karata za poka yalikoanzia mwaka 1970 na kukaa hadi yalipohamia kwingine mwaka 2005. Four Queens ilipewa jina kwa heshima ya mabinti wanne wa aliyeijenga. Circa, iliyofunguliwa 2020, ni mpya na kubwa, na haipokei mtu yeyote aliye chini ya miaka 21. Mjomba wangu, mwenye mvi kichwa kizima, aliombwa kitambulisho mlangoni na akafurahi kupita kiasi.

Sasa niliseme la bei nafuu, maana hapo ndipo wengi huliwa. Ni kweli kwamba Fremont utapata meza zenye dau la chini kuliko Strip. Lakini soma maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza kabla hujavuta kiti. Kwenye blakijeki, mchezo wa karata wa kutafuta ishirini na moja, meza nzuri huandikwa kwamba ishirini na moja ya karata mbili za mwanzo hulipa 3 kwa 2, na meza mbaya huandikwa 6 kwa 5. Macho ya mgeni huona namba kubwa zaidi akadhani amependelewa. Piga hesabu: ukiweka dola 10, meza ya kwanza hukulipa dola 15 na ya pili dola 12. Mkono huo huja takriban mara moja katika kila mizunguko 21, na meza ya kawaida huchezesha mizunguko sitini au zaidi kwa saa, kwa hiyo umekwishapoteza karibu dola tisa kila saa kwa maandishi hayo peke yake, mbali na hasara nyingine za mchezo. Mtu aliyekimbilia meza ya 6 kwa 5 kwa sababu dau lake ni dogo huenda angetumia kiasi hichohicho, na pengine pungufu, kwenye meza yenye dau kubwa kidogo na sheria nzuri. Ruleti, mchezo wa kubahatisha namba kwenye gurudumu, nayo ina mtego wa aina hiyo: gurudumu lenye sifuri moja huipa kasino asilimia 2.7 ya kila dau, lenye sifuri mbili 5.26, na siku hizi yapo yenye sifuri tatu, 7.69. Magurudumu hayo hukaa chumba kimoja, yana rangi zilezile, na hakuna atakayekusimamisha ukikaa pabaya.

Kwa asiyetaka kufikiri, mstari wa kawaida wa mchezo wa dadu, ule wa kubeti pamoja na mrushaji, huchukua asilimia 1.41 tu, na meza ya dadu ndiyo yenye furaha kuliko zote kwa sababu watu wengi hushinda na kushindwa pamoja. Simama kwanza pembeni utazame. Vinywaji huletwa bure kwa anayecheza, ila dola moja ya bakshishi kwa mhudumu ni desturi isiyorukwa.

Ukitoka chini ya paa na kuvuka Las Vegas Boulevard, mtaa hubadilika, na kwangu hapo ndipo usiku huanza. Utaikuta kasino ya El Cortez, iliyofunguliwa 1941, jengo lililoingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2013. Jambazi Bugsy Siegel na wenzake waliimiliki kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1940 kabla ya kwenda kumwaga fedha zao kwenye kasino ya Flamingo huko Strip. Mara ya mwisho nilipofika bado palikuwa na safu ya mashine za kutumbukiza sarafu, na ukishinda sarafu hudondoka kwenye bakuli la chuma kwa mlio ambao kwingine umebadilishwa na karatasi inayotoka taratibu kama risiti. Vidole hubaki vyeusi kwa uchafu wa sarafu. Wachezaji wake wengi ni wazee wanaojuana na wagawa karata kwa majina, na blakijeki yake ya pakiti moja inayolipa 3 kwa 2 ina sifa mji mzima.

Kuanzia hapo hadi mtaa wa nane ni baa, bendi ndogo na migahawa, mahali wenyeji wenyewe wanapokwenda kunywa. Mbele kidogo iko Atomic Liquors, baa ya tangu miaka ya 1950, ambayo wateja wake walipanda darini kutazama wingu la mabomu ya nyuklia yaliyokuwa yakijaribiwa jangwani, kilomita mia moja na kidogo kaskazini magharibi. Kwenda mbele zaidi ya hapo kwa miguu usiku sikushauri. Mtaa hupungua watu ghafla, na teksi ya kuita kwa simu inatosha.

Kama ratiba ya maonyesho itakuachia mchana, jipatie mambo mawili kabla ya kuingia Fremont. La kwanza ni jumba la makumbusho la magenge, Mob Museum, lililomo katika mahakama ya zamani ya shirikisho. Chumba ambamo kamati ya seneta Estes Kefauver, iliyochunguza magenge ya uhalifu, ilisikiliza ushahidi tarehe 15 Novemba 1950 kimerejeshwa kama kilivyokuwa. La pili, ambalo naliona la lazima kwa Mwafrika, ni Neon Museum, makumbusho ya mabango ya taa za neoni. Unaingia kupitia ukumbi wa iliyokuwa moteli ya La Concha, uliobuniwa na Paul Revere Williams, msanifu majengo Mweusi, na huko nyuma, kati ya mabango mazee, liko bango la Moulin Rouge. Hoteli hiyo ilifunguliwa Mei 1955 upande wa magharibi wa reli, mtaa ambako Weusi walikuwa wamesukumiwa, na ilikuwa kasino ya kwanza mjini kupokea watu wa rangi zote. Wakati huo akina Nat King Cole na Sammy Davis Jr. waliimba kwenye kumbi za Strip na hawakuruhusiwa kulala vyumbani mwake. Moulin Rouge ilifungwa baada ya miezi michache, lakini ndimo yalimofikiwa makubaliano ya Machi 1960 ya kuondoa ubaguzi kwenye kasino, baada ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kutishia kuandamana. Jengo halipo tena. Kununua tiketi ya jioni ni bora, mabango yakiwa yamewashwa.

Kwa usafiri, basi la ghorofa liitwalo Deuce hupita kati ya Strip na Fremont usiku kucha; ni la polepole, ila mwenye haraka usiku huo hajafika Las Vegas kupumzika. Julai na Agosti joto la mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo matembezi yaanze jioni. Fedha taslimu uje nazo, kwa kuwa makato ya mashine za ATM ndani ya kasino ni ya kukasirisha.

Neno la mwisho linawahusu wenye pasipoti zetu. Mgeni asiye mkazi akipata ushindi mkubwa kwenye mashine ya sloti, kasino hukata kodi ya asilimia 30 papo hapo kabla ya kumlipa. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hupata nafuu, lakini Tanzania na Kenya hazina mkataba huo. Ushindi wa blakijeki, bakara, dadu na ruleti haukatwi kodi hiyo kwa mgeni. Anayetaka kujaribu mashine kubwa abebe pasipoti halisi, si picha yake kwenye simu, kwa maana bila hiyo mashine hufungwa na fedha husubiri mpaka airudie hotelini.