Uliza Muziki: Angry Again uko kwenye albamu gani?

SWALI: Shikamoo anko. Nimeangalia filamu ya zamani ya Arnold Schwarzenegger, Last Action Hero. Mwishoni, kwenye orodha ya nyimbo, nikaona wimbo Angry Again wa Megadeth, bendi ya muziki wa metali ya Marekani. Rafiki yangu ana albamu zao kibao kwenye simu, tumepekua zote lakini wimbo haumo. Uko wapi? Au nyimbo wanazopeleka kwenye filamu ni makapi yaliyokosa nafasi kwenye albamu? Halafu, mbona gitaa lao linakoroma kama spika iliyopasuka? – Mwanafunzi wa gitaa, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamkuupata kwa sababu haumo kwenye albamu zao za kawaida. Ulitoka 1993 kwenye albamu ya nyimbo za filamu hiyo, pamoja na nyimbo za bendi nyingine kama AC/DC, Alice in Chains na Anthrax. Mwaka 1995 Megadeth wakakusanya nyimbo zao zilizotawanyika namna hiyo, wakatoa Hidden Treasures: nyimbo nane, kama nusu saa. Nilipokuwa narekodi kanda pale Majengo, ilienea upande mmoja wa kanda ya dakika 60, na upande wa pili nilikuwa nawawekea wateja albamu yao nyingine, Rust in Peace, hadi kanda iishe.

Hilo neno makapi sikubaliani nalo kabisa. Dave Mustaine, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alifukuzwa kwenye bendi ya Metallica mwaka 1983, akaanzisha Megadeth kule Los Angeles akiwa na mpiga besi David Ellefson. Kikosi kilichotimia ni kile cha Rust in Peace ya 1990, baada ya kuingia Marty Friedman kwenye gitaa na Nick Menza kwenye drumu. Watu hao wanne ndio waliofanya Countdown to Extinction, iliyofika namba 2 Marekani mwaka 1992, kisha Youthanasia ya 1994. Sasa weka nyimbo za filamu katikati ya miaka hiyo: Go to Hell ya Bill & Ted's Bogus Journey, 1991; Angry Again, 1993; Diadems ya Demon Knight, 1995. Mikono ni ileile, tena wakati imeiva. Angry Again uliteuliwa kuwania Grammy. Tuzo yenyewe waliipata 2017 kwa wimbo Dystopia, Friedman na Menza wakiwa wameshaondoka siku nyingi.

Zote haziko sawa, nakubali. No More Mr. Nice Guy, waliyoifanya kwa ajili ya filamu ya Shocker ya 1989, ni wimbo wa Alice Cooper wa 1973, na Friedman alikuwa hajafika, unasikika mwembamba. Na Crush 'Em, uliotumika kwenye Universal Soldier: The Return mwaka 1999, uko kwenye albamu yao Risk, lakini kwangu ni dhaifu kuliko Diadems ambao watu wengi hawaujui. Kuingia kwenye albamu hakuufanyi wimbo kuwa mzuri.

Kuhusu mkoromo, wewe ni mtu wa Dodoma, swali hili unalo nyumbani. Ukikutana na mpigaji wa ilimba ya Kigogo, ile ala ya vibati vinavyodonolewa kwa vidole juu ya boksi, mwombe akuoneshe boksi lake. Utakuta vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Utando ule hutetemeka kila bati linapodonolewa, sauti ikavuma na kukwaruza. Fundi anaubandika kwa makusudi. Bila huo ilimba inabaki kavu. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki na mtoto wa huku kwetu, alizunguka dunia na mvumo huo. Mpiga gitaa wa metali anatafuta kitu hichohicho kwa umeme: anaisukuma amplifaya kupita kiasi mpaka mawimbi ya sauti yakatike vichwa. Spika ni nzima kabisa.

Ila mkoromo huo bila mkono wa kulia ni kelele. Laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, pale zinapoanzia kwenye daraja la gitaa, kisha piga kuelekea chini. Ukisogeza kiganja mbele sana noti inakufa; ukirudi nyuma sana nyuzi zinalia hovyo. Kuna sehemu ndogo sana katikati inayotoa ule mdundo wa kifua unaousikia kwenye Angry Again, na utaipata kwa sikio, polepole, siyo kwa macho.

Rafiki yako asije akakuanzishia wimbo wao Holy Wars. Mustaine anaipiga huku anaimba, na mikato yake, yaani vipande vya gitaa vinavyojirudia, inageuka haraka mno kwa mwanafunzi. Anza na Symphony of Destruction: mkato mkuu uko kati ya noti za F na E, chini kwenye uzi mnene, na mwendo ni wa taratibu. Ukikaa vizuri hapo, rudi kwenye Angry Again uufuate na rekodi yenyewe, ukinyamaza kwenye solo. Solo za Friedman niandikie tena, zinataka safu nzima.