Je, nimeze vidonge vya usingizi hadi mitihani iishe?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Mitihani ikikaribia usingizi hunipotea, moyo hunienda mbio, na nikifungua daftari hakuna kinachoingia. Mwenzangu chumbani amenipa diazepamu, vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, anazotumia mwenyewe. Je, naweza kumeza nusu kidonge kila usiku?

JIBU: Usimeze, hata hiyo nusu. Moyo kwenda mbio wakati wa mitihani ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na hofu, na peke yake si ugonjwa. Kinachonichosha, baada ya miaka mingi ya kuketi na wanafunzi, ni imani kwamba usingizi ni usingizi tu, uje kwa njia yoyote. Diazepamu hulaza, lakini hupunguza ule usingizi mzito ambao ubongo huutumia kuhifadhi yaliyosomwa mchana, na dawa yenyewe hudhoofisha uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Isitoshe, haiondoki mwilini alfajiri. Nusu ya kiasi ulichomeza huweza kuwa bado mwilini baada ya zaidi ya saa 24, hivyo anayemeza kila usiku hujilimbikizia dawa na kuingia kwenye mtihani akiwa bado nayo kichwani.

Anza na yasiyouzwa. Kahawa ikome adhuhuri, kwa kuwa kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu. Usisomee kitandani, usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, ondoka kitandani, ukae penye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito, na asubuhi uamke saa ile ile hata kama umelala kidogo. Mbinu hizi huchosha siku za mwanzo, na ndiyo maana wengi huziacha kabla hazijafanya kazi.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukidumu wiki mbili, nenda kwa mshauri nasaha au daktari. Wazo la kujidhuru likikujia, nenda siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniwekea mezani kipande cha pakiti chenye vidonge vitatu, kimekatwa kwa mkasi pale pale jina la dawa lilipokuwa. Alikwisha kumeza saba. Aliyemuuzia alimwambia ni vya “kutuliza akili”, maneno yale yale wanayotumia wauza dawa za kuongeza kumbukumbu na hao wanaoahidi mtandaoni kuondoa msongo wa mawazo kwa siku tatu. Hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza kama anakunywa pombe, ilhali pombe ikichanganywa na diazepamu huweza kuzuia pumzi.

Na kwa wasomaji ambao tayari wamemeza diazepamu kila usiku kwa wiki kadhaa: msiache ghafla kwa sababu mmesoma jibu hili. Mwili uliozoea dawa hii unaweza kupata degedege ikikatizwa, kwa hiyo mwoneni daktari awapangie namna ya kuipunguza kidogo kidogo.