Alichoazima Mtu Hakikuhusu: Kwa Wakutubi Wapya

Vijana wa ukutubi wakiletwa kwetu Dodoma kwa mafunzo ya vitendo, huanza kuulizia namba za Dewey, zinazopanga vitabu rafuni kwa mada, na Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Hayo yanazoeleka upesi. Mimi huwaambia kwanza hivi: mtu akikuuliza fulani ameazima nini, jibu ni hapana, na ujifunze kuisema hiyo hapana kwa adabu.

Mji wetu watu wanajuana. Tangu serikali ihamie huku, bosi na karani wake wanakaa mtaa mmoja Area C, wanasali pamoja, na watoto wao wanagombea meza moja maktabani. Kwa hiyo maswali hayaji kwa ukali, yanakuja na salamu ndefu. Aliingia baba mmoja, akanijulia hali, akauliza za nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, mke wangu huwa anakuja hapa. Siku hizi anasoma nini?" Mama alikuwa anasoma Sheria ya Ndoa ya 1971. (Nimebadilisha vya kutosha asitambulike mtu; hata kitabu huenda si hicho.) Nilimjibu, "Mzee wangu, kumbukumbu za wasomaji hatuzitoi, hata zako hatumpi mama akiziulizia." Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyomtuliza. Naye ana kadi.

Na si ukaidi wangu tu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Askari akija, usibishane naye, ila usimkabidhi kitu papo hapo: omba amri ya maandishi, umpeleke kwa mkuu wako.

Ila kufunga mdomo hakusaidii kama daftari liko wazi. Katika maktaba za shule nilizopita Kongwa na Chamwino, daftari la kuazima linakaa mezani. Anayejaza mstari wake anasoma ya wenzake wote. Mfumo wa zamani wa Browne ulikuwa bora kwa hili. Kadi ya kitabu inachomekwa kwenye tiketi ya msomaji, na kitabu kikirudi, tiketi inarudi kwa mwenyewe, hakuna kinachobaki. Unahitaji boksi tu, wala si umeme. Wenye Koha, mwambieni anayesimamia mfumo awashe mpangilio wa kuondoa jina la msomaji kwenye historia ya vitabu vilivyorudishwa.

Mzazi akiulizia mtoto wake ameazima nini, hapo bado natatizika. Mzazi ndiye aliyesaini fomu ya udhamini, na kitabu kikipotea atalipa yeye. Mimi humtajia kile kilichopitiliza muda, basi. Mwenzangu mmoja anaona nabana mno, na bado tunabishana.

Halafu kuna kabati lenye kufuli. Karibu kila maktaba niliyoijua ina moja, na humo ndimo vinamoishia vitabu vya afya ya uzazi, kwa kisingizio kwamba vitaibiwa. Msichana wa kidato cha tatu hawezi kusimama mbele ya foleni akuombe ufunguo. Hakuna waziri wala mkurugenzi aliyepiga marufuku kitabu hicho, umekipiga marufuku wewe. Maadili ya wakutubi yaliyopitishwa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 2012 yanatutaka tutenganishe imani zetu na wajibu wa kazi. Mimi ni mlokole, na rafu ya 297, ya Uislamu, naihangaikia sawa na ya 220 yenye Biblia. Waumini wenzangu wengine hawapendi, na nimewazoea.

Akija mtu anayetaka kitabu kiondolewe, usianze kukitetea, wala usimfundishe. Mpe fomu: kitabu gani, amekisoma chote au kipande, ukurasa upi umemkera, angependa kifanyweje. Kitabu kibaki rafuni mpaka kamati ikae. Wengi huichukua fomu, wakaisoma, wakaiacha kaunta. Anayeijaza kweli mheshimu, na umjibu kwa barua, hata kama kamati imemkatalia. Lakini fomu iwepo kabla ya ugomvi, maana ukiichapa siku hiyohiyo ataona umemtungia yeye, na hapo hatakusikiliza tena.