Fundi Anajibu: Kaseti ya gemu inapiga kelele tu

SWALI: Shikamoo mzee. Baba mdogo ameniachia kompyuta ya Sinclair ZX Spectrum aliyotoka nayo Uingereza, pamoja na kaseti ya gemu ya Jetpac. Nikiiweka kwenye redio inapiga kelele tu. Imeharibika? Na adapta yake imepotea, nitumie ya ruta? – Kijana wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchomeka. Adapta ya ruta iache kabisa! Spectrum inatumia volti 9, lakini pini yake katikati ni hasi. Za ruta kwa kawaida katikati ni chanya, utaiunguza. Njoo Arusha au tafuta fundi huko huko akupimie kwa mita.

Kaseti usiitupe. Kelele hiyo ndiyo gemu yenyewe. Gemu imeandikwa kwa moja na sifuri, na kompyuta inapima mawimbi ya sauti kuzitofautisha: wimbi la moja ni refu mara mbili ya la sifuri.

Kwenye TV tafuta analogi, UHF chaneli 36. Toa waya tundu la hedifoni la redio, uingize tundu la EAR la kompyuta. Bonyeza J, neno LOAD litatokea lenyewe. Shikilia SYMBOL SHIFT, bonyeza P mara mbili, kisha ENTER. Hapo ndipo uwashe kaseti. Tazama pembeni mwa skrini: kwanza michirizi mipana ya nyekundu na samawati, halafu myembamba ya bluu na njano. Ukiona ya njano, gemu inaingia, usiguse kitu.

Ikikataa, badilisha sauti ya redio. Bado? Safisha hedi, yaani kichwa cha redio kinachosoma kaseti, kwa spiriti na kijiti cha pamba. Mwisho kabisa, kaseti ikiwa inalia, zungusha taratibu skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi mpaka mlio uwe mkali na safi. Redio nyingi ninazoletewa hapa Ngarenaro zinaponea hapo.

Hangaika nayo, inastahili. Jetpac ya 1983 inatosha kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na karibu 7 kati ya hizo zinaliwa na skrini. Kwenye zilizobaki ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, wameweka mwanaanga anayeruka, roketi ya vipande vitatu, mafuta na maadui wanaobadilika kila hatua. Mimi naiheshimu kuliko gemu nyingi za simu.

Ukianza kucheza, kumbuka ukitoka kulia mwa skrini unaibukia kushoto; tumia njia hiyo kuwakimbia maadui. Na vito vinavyodondoka viache kwanza, jaza mafuta.