Prodyuza amepakia wimbo wako kwa jina lake

Pole, ndugu. Umetunga mashairi na melodi, prodyuza kaupakia wimbo kwa jina lake, na anadai kwamba kwa kuwa alilipia studio, kila kitu ni chake. Siyo. Wimbo una haki mbili: utunzi na rekodi. Rekodi huenda ni yake kweli. Utunzi ni wako, isipokuwa kama ulisaini kuuhamisha.

Kusanya rasimu, sauti ulizojirekodi kwenye simu na meseji zenye tarehe. Sajili utunzi kwenye chama cha hakimiliki, halafu mwandikiane asilimia ya mapato ya kila mmoja. Angalia wimbo umesikilizwa mara ngapi kabla ya kugombana: tangu 2024 Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, hailipi rekodi isiyosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Akikuletea mkataba wenye neno "milele", mpe wakili ausome kwanza. Mimi nilisaini wangu usiku, studioni.