Jumla za dakika tano hazilingani na ripoti ya usiku

SWALI: Tuna mashine za tiketi kwenye mabasi ya mikoani. Kila tiketi ikikatwa, mashine hutuma tukio lenye saa ya mauzo. Tunalipokea kwenye Kafka (foleni ya matukio) na kujumlisha kwa Flink SQL (programu ya kuchakata matukio yanapoingia), dirisha la TUMBLE la dakika tano, yaani vipande vya muda vinavyofuatana bila kuingiliana. Ukijumlisha siku nzima, dashibodi huwa pungufu kuliko ripoti ya usiku inayotoka kwenye hifadhidata. Mwenzangu anashauri tupanue dirisha liwe la saa moja, au tuhamie PROCTIME (saa ya seva badala ya saa ya mauzo). Tufuate lipi?

JIBU: Msifuate hata moja.

Fungua tamko la jedwali lenu. Nadhani utakuta WATERMARK (wotamaki: alama ya muda ambayo ikipita mwisho wa dirisha, dirisha hufungwa) imewekwa kuwa muda wa tukio kutoa sekunde 5. Huo ni mfano wa kwenye nyaraka za Flink, na watu huunakili bila kujiuliza kama basi lililo porini kati ya Manyoni na Itigi litapata mtandao ndani ya sekunde 5.

Tiketi iliyokatwa saa 4:02 asubuhi ni ya dirisha la 4:00 hadi 4:05. Mtandao ukirudi ikafika 4:19, dirisha lake lilishafungwa zamani, maana mabasi yaliyo mjini yanaendelea kutuma na kusukuma wotamaki mbele. Flink inaitupa tiketi hiyo kimyakimya, bila kosa lolote kwenye logi. Kipo kipimo kinachohesabu zilizotupwa, numLateRecordsDropped. Kiangalieni leo, kabla ya kugusa kingine.

Kagueni pia saa za mashine zenyewe. Wotamaki hufuata muda mkubwa kuliko yote ulioonekana, kwa hiyo mashine moja iliyotangulia nusu saa inaweza kufanya tiketi za mashine nyingine zihesabiwe kuwa zimechelewa.

Dirisha la saa moja halitibu kitu. Tiketi ya 4:58 ikifika 5:15 itatupwa vilevile. Zitakazopotea zitakuwa chache, tofauti itapungua, na mtaacha kuitafuta.

PROCTIME ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Hakuna tukio linalochelewa, kwa kuwa saa inayotumika ni ya seva inapolichakata. Jumla ya siku italingana karibu kabisa na hifadhidata, na bosi atafurahi. Lakini ile tiketi ya 4:02 sasa imehesabiwa kwenye dirisha la 4:15. Basi likitoka porini na tiketi arobaini, dashibodi itaonyesha abiria arobaini wamepanda kwa mpigo, mahali ambapo hata kituo hakuna. Seva ikizimwa dakika kumi kwa matengenezo, mtapata shimo kisha mlima, na vyote viwili ni vya uongo. Chakata data ileile mara ya pili: namba zinabadilika.

Mnachotakiwa kufanya hakina ujanja. Chukueni data ya wiki moja, toeni saa ya tukio kwenye saa ya kupokelewa, mwone ucheleweshaji halisi ukoje kwa kila njia. Kama tiketi karibu zote hufika ndani ya dakika ishirini, wotamaki iwe dakika ishirini, na mkubali kwamba jumla ya 4:05 itatoka 4:25. Zitakazochelewa hata hapo, zichujeni kwa CURRENT_WATERMARK (inayotoa wotamaki ya sasa) kabla ya dirisha na kuzipeleka jedwali la pembeni, ziingizwe kwenye hesabu usiku. Na asije mtu akawashauri mbadili TUMBLE kuwa HOP ili “kuokoa” zilizopotea: dirisha la dakika kumi linalosogea kila dakika tano huhesabu kila tiketi mara mbili.

Siku hizi dashibodi za “papo kwa papo” zinauzwa kwa wenye mabasi, wenye maduka, hata saccos, na wauzaji wengi hawawezi kueleza saa inayotumika ni ya tukio au ya seva. Nimeona hata “siku” inayoanza saa tisa usiku, kwa sababu dirisha la saa 24 liliachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achakate upya data ya jana mbele yako, kisha linganisha kila dirisha na lilivyosomeka jana. Akianza kuzungumzia ukubwa wa seva, usisaini.